Antoni Abate yupi tumtundike? Nimezilinganisha chapa za zamani za watakatifu wakaapweke

Somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ni Mt. Antoni Abate, na kwa karibu miaka mitatu tumesali mbele ya picha ya mtu mwingine. Ilinunuliwa haraka haraka siku mbili kabla ya sikukuu ya tarehe 17 Januari, muuzaji akaulizwa una Antoni, akasema ninaye, akamfunga kwenye gazeti tukaondoka naye, na kila wiki akawa anabebwa nyumba hadi nyumba kama ilivyo kawaida ya jumuiya. Mpaka alipohamia mtaani kwetu mama mmoja, siku ya kwanza tu baada ya sala akauliza kwa upole, samahani jamani, Abate huyu mbona kabeba mtoto? Wote tukageuka kuangalia. Mtoto Yesu mkononi, ua la yungiyungi, kanzu ya Kifransisko na kamba kiunoni. Antoni wa Padua huyo, aliyefariki 1231. Wetu ni mzee wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 356, na kwa maelezo ya Mt. Atanasi, aliyeandika maisha yake, alikuwa na miaka 105. Kati yao kuna zaidi ya miaka 800.

Mwenyekiti akanikabidhi kazi ya kutafuta picha sahihi kwa sababu anajua napenda chapa za zamani, zile picha zilizochongwa kwenye bamba la shaba karne ya 15 mpaka ya 17 halafu zikapigwa kwenye karatasi. Wiki kadhaa sasa kila jioni nakaa nazo. Wakaapweke wa Misri na Palestina walipendwa mno na wachongaji wa Ulaya, kwa hiyo tatizo sio uhaba, tatizo ni kuchagua, na kila chapa ina namna yake ya kumwelewa mkaapweke ni mtu gani. Ndo maana naandika, maana najua jumuiya nyingi na watu binafsi wana shida kama yetu.

Alama kwanza, bila hizo hata mimi ningerudi nyumbani na Padua mwingine. Antoni Abate ni mzee wa ndevu ndefu, joho lenye kofia ya kitawa, fimbo yenye kichwa cha T au cha msalaba, kengele ndogo, kitabu, mara nyingine moto, na nguruwe. Nguruwe ndo analeta maswali, hasa kwetu ambako majirani wengi ni Waislamu na watoto wao wanakuja kuchungulia tukiimba. Asili yake sio Misri kabisa. Mwishoni mwa karne ya 11, kusini mashariki mwa Ufaransa, lilianza shirika la ndugu wa Mt. Antoni, kazi yao kuuguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mt. Antoni, unaosababishwa na kuvu inayoota kwenye nafaka, mtu anahisi anaungua mpaka vidole na miguu vinaoza na kukatika. Ndugu hao walifuga nguruwe, na nguruwe wao waliachwa wazurure mitaani na kengele shingoni ili watu wajue hawa ni wa hospitali, wasiwaguse. Basi ukiona nguruwe na kengele, hapo unaona hospitali. Nilipowaeleza hivyo wanajumuiya, yule baba aliyekuwa anapinga nguruwe kwa nguvu zote alinyamaza kidogo akasema kumbe ni wa wagonjwa.

Jambo la pili la kujua ni kwamba chapa ya shaba haina kijivu hata kidogo. Fundi anasukuma kichongeo cha chuma kwenye bamba, mfereji unabaki, wino unapakwa na kufutwa ubaki mferejini tu, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa juu kwa mashine mpaka inauvuta ule wino. Kila kivuli unachokiona ni mistari iliyosogezwa karibu au kukatizana. Kumbuka hilo kwa sababu litarudi tukifika kwenye kuprinti.

Sasa tuingie. Antoni maarufu kuliko wote ni wa Martin Schongauer, mtu wa Colmar, mtoto wa sonara, aliyechonga kati ya 1470 na 1475 hivi. Mzee yuko hewani, hajagusa ardhi, mashetani wamemzunguka kama nyuki, huyu anavuta joho, huyu ananyanyua rungu, huyu ana pua kama mrija, huyu mwili mzima magamba na miiba. Nyuma yao hakuna kitu, karatasi nyeupe tupu, mwamba kidogo tu chini pembeni. Watu wengi wanadhani ni kipigo kile mashetani walichompa Antoni alipokuwa akiishi kaburini, lakini kwa Atanasi kuna pia simulizi la Antoni kujiona ananyanyuliwa juu na viumbe wabaya wakitaka kumzuia njiani, na ndo maana yuko angani. Ukisogea karibu, uangalie uso. Mzee hapigi kelele, hasali kwa kukunja uso, anakuangalia kama mtu anayesubiri daladala huku mvua inanyesha, anajua itapita. Yaani mkono ule uliochora makucha yote yale, ukaja kuuchora uso ule kwa mistari michache, mimi huwa naurudia kila nikifungua faili.

Chapa hii ilitembea sana. Michelangelo akiwa mtoto wa miaka 12 au 13 aliichora upya kwa rangi, na Condivi, mwanafunzi wake aliyeandika maisha yake, anasema alikwenda soko la samaki kuangalia magamba na rangi za mapezi ili mashetani yake yawe ya kweli. Mchoro unaohesabiwa kuwa ndo huo uko Fort Worth, Marekani. Albrecht Dürer, mchongaji Mjerumani, naye kijana wa kama miaka 20 alisafiri mpaka Colmar mwaka 1492 kumtafuta Schongauer, akakuta mwenyewe kafariki mwaka uliotangulia.

Je, inafaa ukutani? Kwa ukubwa inafaa, bamba lenyewe ni karibu sm 31 kwa 22, ukiprinti A3 unapata picha ambayo mtu aliyekaa kochi la mwisho anaiona vizuri. Lakini jumuiya yetu ina watoto, na sala yetu ni saa moja usiku. Nilivyoileta kujaribu, mtoto mmoja aligoma kukaa upande ule. Na bibi mmoja akauliza swali la msingi kabisa, hivi sisi kila wiki tukimwangalia somo wetu tumwone anapigwa? Mimi nilikuwa naitaka, lakini swali la bibi sikuwa na jibu lake. Kwa vijana wa kipaimara ndo ningeichagua ya kwanza bila kusita, ukiwaonyesha na kuwasimulia vile Antoni alivyobaki hoi baada ya kipigo akamuuliza Bwana ulikuwa wapi, akajibiwa nilikuwepo hapa hapa nikingoja kuona unavyopambana, hapo wanasikiliza.

Jacques Callot wa Nancy alichonga kishawishi hicho hicho, yaani Antoni akisumbuliwa na mashetani, mara mbili, ya pili mwaka 1635 ambao ndo aliofariki. Ni kubwa, upana karibu sm 46, joka kubwa limetanda angani linatapika mashetani, chini kuna majeshi mazima ya vitu visivyo na jina, na mtakatifu mwenyewe kadogo kabisa, lazima umtafute kwa kidole. Callot alitumia tindikali badala ya kusukuma kichongeo, ndo maana mistari yake ni myepesi kama ya kalamu. Hii ni ya kuangalia kwenye simu, unavuta, unavuta tena, unakuta kitu kipya. Ukutani ni vurugu. Chapa ya Mjerumani Lucas Cranach ya 1506, ya kwenye mbao, ni Schongauer aliyeongezewa mandhari chini, sikuona sababu ya kumchukua yeye nikimwacha mwenyewe.

Sasa Dürer wa 1519, na hapa nitakaa kidogo.

Ni kachapa kadogo, sm 10 kwa 14 hivi, kamelala, upana kuliko kimo. Antoni kakaa chini mbele kabisa, kajikunja, joho limemfunika mpaka amekuwa kama kilima, kofia kichwani, kitabu mapajani, anasoma. Hakuna shetani. Hakuna nguruwe. Kachomeka ardhini fimbo yake yenye msalaba wa mikono miwili na kengele inaning'inia pale juu, ndo kitambulisho chake. Nyuma yake kuna mji mzima wa Kijerumani, kuta, minara, mapaa yamepandana mpaka kileleni, na ukitazama vizuri mgongo wa mzee na mapaa ya mji vinapanda kwa mstari unaofanana, kilima mbele ya kilima. Yeye hajageuka kuuangalia. Dürer hakujisumbua na jangwa wala mchanga, kamweka mkaapweke mita chache tu nje ya ukuta wa mji, watu humo ndani wanauza na kununua, na mzee anageuza ukurasa.

Kwa sisi tunaoishi mjini, nyumba imebanana na nyumba, bodaboda zinapita, redio ya jirani inasikika kuliko yako, picha hii inasema kitu ambacho Schongauer hakisemi. Na kengele ile. Imetulia kabisa juu ya fimbo, hakuna upepo. Mi naiangalia kengele hiyo kuliko hata uso, maana uso wenyewe umeinama, unaona ndevu na pua tu.

Kasoro yake ni udogo. Ukikuza mpaka A3 umeikuza mara tatu, mistari inakuwa minene, baadhi ya watu hawapendi. Kwa Dürer lakini haiharibiki, mistari yake imenyooka na kupangwa kiasi kwamba ukikuza unaanza kuona fundi alivyofanya kazi, mikunjo ya joho inakuwa kama shamba lililolimwa matuta.

Kwa jumuiya ambazo somo wao ni Yeronimo, niseme haraka. Dürer ana yule wa 1514 akiwa chumbani, simba na mbwa wamelala mbele, kibuyu kinaning'inia darini, fuvu dirishani, kofia ya kikardinali ukutani, ndala zimeachwa pembeni, na mwanga wa dirisha umeanguka ukutani kwa viduara duara vya vioo. Ni moja ya chapa nzuri kuliko zote duniani, lakini huyo ni Yeronimo msomi na chumba kina joto lake, jangwa halimo. Rembrandt wa 1648 kamweka pembeni ya mti mkongwe, mti ndo mkubwa, mzee kavaa miwani ya kubana puani anaandika, simba anachungulia kwa nyuma, na sehemu nyingine Rembrandt kaziacha hajazimaliza. Mwenye nyumba yenye utulivu achukue Rembrandt. Jumuiya ichukue Dürer, watoto watahesabu vitu mpaka sala iishe.

Haya, sasa zile seti kubwa, ambazo kwangu ndo hazina yenyewe, na watu wengi hawazijui kabisa. Ziko familia mbili.

Ya kwanza ni ya ndugu Sadeler, Jan na Raphael, waliotoka kwenye ukoo wa mafundi wa kutia nakshi kwenye chuma. Walichonga kwa michoro ya Maerten de Vos wa Antwerp. Seti ya kwanza ilitoka kama 1585 na 1586, ikafuata nyingine Munich 1594, nyingine Venice 1598 na ya mwisho Venice 1600, mwaka ambao Jan alifariki huko huko. Ukizijumlisha ni zaidi ya chapa 100 za wakaapweke, na bado Adriaen Collaert akachonga seti ya wanawake peke yao, akina Maria wa Misri na Pelagia, nayo kwa michoro ya de Vos. Angalia miaka hiyo na miji hiyo. Antwerp makanisa yalivunjiwa sanamu 1566, mji ukazingirwa na kuangukia jeshi la mfalme wa Hispania 1585, de Vos mwenyewe alikuwa Mlutheri na baada ya hapo akarudi Ukatoliki, na hawa ndugu wakawa wanahama mji kwa mji na mabamba yao. Watu wasio na mahali pa kutulia ndo waliochora watu waliokimbia kila kitu wakatulia. Hili silioni kama bahati tu.

Ukifungua moja ya chapa za Sadeler, upana wake kama sm 20, mtakatifu yuko mbele upande mmoja, mara nyingi chini ya mwamba au kwenye kibanda cha miti, ana msalaba wa matawi mawili yaliyofungwa, fuvu, kitabu. Halafu nyuma yake dunia nzima. Mto, daraja, korongo, vijumba, wanyama, mtu mwingine mdogo anafanya kazi, kijitukio cha maisha ya mtakatifu huyo huyo kikiendelea mbali. Chini mistari ya Kilatini. Ni misitu minene na maporomoko ya maji, sio Misri hata kidogo, jangwa kwao lilikuwa ni msitu ambako hakuna watu. Mwanzoni lilinikera. Wengi wa wale wazee walikuwa Waafrika wa mchangani, jua linawachoma, na mtu wa Antwerp kawafunika kwa miti ya baridi! Kwenye macho yangu hilo bado ni upungufu na sitaki kujifanya sio. Ila kadiri nilivyoziangalia nikaona kitu ambacho wachoraji wa vishawishi walikisahau, kwamba wakaapweke walikuwa watu wa kazi za mikono. Mababa wa jangwani walisuka majani ya mtende wakatengeneza kamba, mikeka na vikapu, wakauza wakala. Paulo wa Tebe, anayesimuliwa na Yeronimo kuwa wa kwanza wao wote, alivaa vazi la majani ya mtende alilolisuka mwenyewe. Mtu wa pwani yetu akisikia hivyo hahitaji maelezo, anajua ukili ni nini, anajua mama anavyokaa barazani mkono unakwenda wenyewe na akili iko mbali. Sala ile ilikuwa na mdundo wa kusuka.

Na kunguru wa Paulo. Kila siku alimletea nusu mkate kwa miaka 60, na siku Antoni alipomtembelea akaleta mkate mzima. Sisi tuliokulia Dar kunguru tunamjua kwa kuiba chapati mkononi mwa mtoto, hivyo nilipomsimulia katekista wetu akacheka sana, halafu akasema hilo ndo la kuwafundishia, kunguru analeta. Simba wawili wakachimba kaburi la Paulo, simba mmoja akasaidia kumzika Maria wa Misri, na simba wa Yeronimo, yule aliyetolewa mwiba mguuni, kwa kweli kaazimwa kutoka kwa mkaapweke mwingine, Gerasimo wa Yordani, majina yao yalichanganywa. Vitu kama hivi ndo Sadeler anakupa, hadithi, mahali, kazi, wanyama. Kardinali Federico Borromeo wa Milano alizipenda picha za wakaapweke kiasi kwamba Jan Brueghel alimchorea za rangi kwenye vibamba vya shaba, akifuata chapa hizi hizi.

Familia ya pili ni Boetius à Bolswert, aliyechonga kwa michoro ya Abraham Bloemaert wa Utrecht. Za kwanza zilitoka 1612, na 1619 zikatoka Antwerp kama kitabu chenye chapa 50, wanaume 25 na wanawake 25, pamoja na maelezo ya maisha yao. Miaka minne kabla, huko huko Antwerp, Mjesuiti Heribert Rosweyde alikuwa ametoa toleo kubwa la maisha ya mababa wa jangwani, hivyo hamu ilikuwepo tayari.

Bloemaert anafanya kinyume cha de Vos. Kaondoa dunia. Chapa zake ni ndogo, kimo kama sm 14, zimesimama, na mkaapweke anajaza nafasi yote. Nyuma gogo la mti mkongwe lenye mafundo, ukuta wa kibanda uliobomoka, basi. Mistari yake ni mipana na inavimba na kusinyaa kwenye mikunjo ya nguo, hivyo ukiwa mbali unaona mwili, mzito, umekaa au umepiga magoti au umeanguka kifudifudi, na nyuso nyingi zimeinamishwa au zimegeuzwa. Unabaki na migongo, visigino, viganja. Sadeler anakusimulia mtu alikaa wapi, Bolswert anakuonyesha mtu akiwa amekaa.

Halafu wanawake. Jumuiya yetu, kama jumuiya nyingi, wanawake ndo wengi wanaokuja, na nilipowatandazia meza nzima picha za wazee wa ndevu, mama mmoja akauliza, kwani jangwani wanawake hawakwenda? Walikwenda. Kwa Bolswert ni nusu kwa nusu. Maria wa Misri aliingia jangwani ng'ambo ya Yordani na mikate mitatu, akakaa miaka 47 mpaka mtawa mzee Zosima alipomkuta na kumrushia joho lake ajifunike. Collaert naye ana wanawake, ni kweli, lakini kwake mandhari inawameza. Kwa Bloemaert wanawake wamepewa uzito ule ule wa wanaume, kitabu kile kile, jiwe lile lile la kuegemea.

Kuna kitu kingine kilichonisogeza kwa Bloemaert. Alikuwa Mkatoliki Utrecht, na kule ibada ya Kikatoliki hadharani ilipigwa marufuku 1580. Wakatoliki walisalia majumbani, milango imefungwa, sebule imegeuzwa kanisa. Picha ndogo namna hii, unaiweka ndani ya kitabu, unaibeba kwapani, hakuna anayejua. Nikifikiria sisi na meza yetu ya sebuleni yenye kitambaa cheupe na mshumaa, sisi tukiwa huru milango wazi tukiimba mpaka barabarani, naona hawa watu ni ndugu zetu wa karibu.

Anayetaka chapa halisi, yaani karatasi ya wakati ule, Dürer na Schongauer sio za mfuko wetu. Za Sadeler na Bolswert zinapatikana Ulaya kwa bei ya chini sana kuliko hizo kwa sababu vitabu vingi vilichanwa zikauzwa moja moja. Soma maandishi madogo chini. Jina lenye *inuenit* ni la mchoraji, lenye *sculpsit* au *fecit* ni la mchongaji, lenye *excudit* ni la mchapishaji. Uwe makini na nakala, maana seti za Sadeler ziliigwa mpaka Paris na akina Thomas de Leu, na nakala nyingi zimegeuka kushoto kulia, kwa sababu anayeiga anachonga anavyoona halafu kuchapa kunageuza.

Kwa wengi wetu njia ni kuprinti. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam linaruhusu upakue faili kubwa bure bila kuomba ruhusa, Metropolitan la New York pia. Kwa A3 hakikisha faili ina angalau pikseli 3500 kwa 4900 hivi. Ukifika steshenari usikubali wakutolee kwa mashine ya fotokopi. Kumbuka nilivyosema hakuna kijivu, ni mistari tu, fotokopi inaiunganisha mistari na kivuli kinakuwa doa jeusi, nimepoteza karatasi nne za Schongauer hivyo. Waambie waprinti kama picha ya rangi, ile rangi ya karatasi kuukuu ibaki, kwenye karatasi nzito isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa usiku chini ya taa huoni kitu zaidi ya taa yenyewe. Na usikate pembeni, acha ile alama ya ukingo wa bamba ionekane kwenye karatasi.

Tulichoamua ni hiki. Ukutani, yaani kwenye fremu inayotembea nyumba hadi nyumba, ni Dürer wa 1519 kwa A3. Hatishi mtoto, kengele na fimbo vinamtambulisha, na hakuna nguruwe wa kuelezea kila wiki ingawa sasa yule baba ndo anamtaka. Katekista kachukua Sadeler kumi, A4, ambazo ziko karibu na ukubwa wake wa kweli, anazipitisha mkono kwa mkono watoto wakitafuta kunguru na daraja. Schongauer amebaki kwa vijana wa kipaimara. Na Bolswert tumeziprinti kwa ukubwa wake ule ule, zinaingia vizuri kwenye misale, tukazitandaza mezani kila mtu achague mkaapweke wake. Yule mama mgeni, aliyemgundua Padua, alizipitia zote taratibu mara mbili, akachukua mwanamke mmoja aliyeinama ambaye huoni kabisa uso wake. Hakuuliza anaitwa nani.

Antoni wa Padua tumempeleka jumuiya ya mtaa wa pili, somo wao ni yeye, na hawakuwa na picha.